Mchungaji wa Jobst

Wivu ulimkaba Endres tangu siku watu wa Nuremberg walipoanza kujazana dirishani kwa Mama Kunigund, mjane mwenye karakana ya kuchapa picha, wakitazama picha ya mchungaji wa kondoo aliyelala uchi kando ya kijito. "Jobst ana mkono, jamani! Tazameni bega hilo!" Bega, bega! Hakuna aliyeuliza milima ile kaichora nani, wala miti, wala mawingu. Ni Endres, aliyeinamia bamba la shaba la kuchapia, akikata mistari, mpaka macho yakamwasha. Jobst, mwenzake wa karakana, kakata mtu mmoja tu kwenye shaba ile, tena mvivu, kalala, halafu akatia herufi za jina lake juu ya jiwe alilolichora Endres. Jiwe la mwenzake! Hebu niambieni, nani angevumilia?

"Mama, na jina langu liwekwe," alimwomba Kunigund.

"Jina la nini, baba? Watu hawanunui majani. Kunywa bia yako."

Jobst akacheka, soseji mdomoni. "Usimwonee, mama. Bila miti yake mchungaji wangu angepata mafua."

Hilo ndilo lililomchoma Endres. Wenzake walipokwenda kula mchana, alibaki, akashika kipatasi chake, akakata herufi zake chini ya mti, kubwa kuliko za Jobst. Shaba ikishakatwa imekatwa, watamfanya nini?

Waliporudi, Jobst akalipaka bamba wino, akalipitisha mtamboni, akabandua karatasi. Kisha karakana nzima ikaangua kicheko. Herufi za Endres zilitoka zimegeuka, za kulia kushoto, za kushoto kulia. Maisha yake yote amekata miti, na mti hata ukigeuzwa ni mti tu. Herufi lazima uzikate kinyume ndipo karatasini zisomeke. Alilijua hilo vizuri sana. Wivu ulimsahaulisha.

Kunigund hakucheka. "Umeniharibia bamba, Endres. Zifukie."

"Nizifukie na nini?"

"Na majani. Si ndiyo kazi yako?"

Akainama, akakata nyasi juu ya jina lake, unyasi mmoja mmoja, ndefu, nene, mpaka jina likapotea kabisa. Hajawahi kukata nyasi nzuri kama zile. Jobst akaja akasimama nyuma yake, na safari hii hakutania.

"Nyasi zimependeza, kaka," alisema. "Sasa mchungaji wangu kalala pazuri."