Bakuli la Mlenda la Bibi Zipora

Bibi Zipora wa Mkonze alipopofushwa na ugonjwa wa vikope hakuacha jembe. Karanga zake alizipalilia kwa kupapasa. Salha, mtengeneza filamu kutoka mjini, alimrekodi kwa ridhaa yake, kisha akarudi na kompyuta.

"Shikamoo bibi. Tuitazame kwanza sisi, kabla ya watu."

"Marahaba. Nami nitazamie nini, pua?"

Salha akacheka, akaketi mkekani kumsimulia picha moja baada ya nyingine. Devota, binti wa Zipora, alikuwa akisikiliza. Walipofika pale bibi anapotafuta bakuli la mlenda na kulimwaga, Zipora akamkatisha.

"Hiyo itoe. Sitaki kuhurumiwa."

"Lakini bibi, hapo ndipo watu watalia."

"Wakalie kwao."

"Haya, naitoa. Ila utajuaje kama nimeitoa kweli?"

"Sitajua, mjukuu wangu. Mungu ndiye mwenye macho."

Filamu ilioneshwa Zipora akiwa ameshazikwa. Devota alilisubiri lile bakuli kwa hofu. Halikuja. Alikuja mama yake na jembe, akiimba wimbo wa kanisani kati ya matuta, mpaka mwisho.

Devota akamshika Salha mkono. "Mungu amekuona, mwanangu," alisema, na machozi yakamtoka.