Boksi Lenye Jina Jingine

Fundi cherehani alikesha akisubiri simu ya mfamasia wa hospitali. Juzi wifi yake alikuja kutoka nchi jirani na vidonge vya kifafa vya binti wa fundi. Bei yake ilikuwa robo ya vile vya hapa, na boksi lilikuwa na jina jingine. Fundi akamgeukia mbele ya wakwe zake wote.

"Unamletea mwanangu chaki?"

Wifi akajifungia chumbani kwa mama mkwe. Fundi akapeleka boksi hospitali likakaguliwe.

Simu ililia asubuhi.

"Mama, dawa ni ileile," mfamasia alisema. "Kule haki ya kampuni iliyoigundua kuitengeneza peke yake imekwisha, sasa wengine wanaitengeneza kwa majina yao. Huku bado miaka mitatu, ndiyo maana unauziwa ghali."

"Kwani sheria si moja?"

"Kila nchi inahesabu miaka yake, mama."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikwenda ukweni kichwa chini, akabisha hodi mlango wa chumbani.

"Wifi, ni mimi."

"Mimi nani? Mkaguzi wa chaki?"

Shemeji zake sebuleni wakacheka. Fundi hakupunguza sauti.

"Nimekukosea, wifi. Nilikuaibisha mbele ya watu, na mbele ya haohao nakuomba radhi."

Komeo likalia, mlango ukafunguka. Wifi alisimama macho mekundu, boksi la pili mkononi.

"Mtoto ameshameza kidonge cha asubuhi?"

Fundi akanyosha mikono yote miwili kulipokea boksi.

"Bado," akasema.