Ploti ya Odero Chini ya Mawe Meupe

Odero alikuwa mbishi. Ukimwambia jua limechomoza, atatoka nje kwanza ahakikishe. Nilimjua vizuri kwa sababu tulipakana ukuta kwa ukuta katika nyumba za reli hapa Nakuru, na mke wake, Adero, alikuwa rafiki yangu. "Naliaka," aliniambia siku moja tukichambua maharagwe, "huyu mtu hata na mvua anabishana." Tulicheka sana. Siku hizi nikilikumbuka neno hilo sicheki.

Kwao Odero ni Kano, kule mto hufurika karibu kila masika. Alipokuwa mtoto mto uliingia mpaka nyumbani kwao, ukachukua ghala na kondoo. Baba yake hakukimbia. Alipandisha watoto na mtama juu ya dari, akakaa huko akingoja. Baada ya siku chache maji yakaenda zake, yakaacha tope jeusi, na mwaka ule walivuna kuliko miaka yote. Hadithi hiyo Odero alitusimulia mpaka tukaichoka. Kwake yeye maji yalikuwa mgeni tu: mvumilie, ataaga.

Miaka mingi alichochea moto wa garimoshi, Nakuru kwenda Kisumu na kurudi, mpaka macho yakaharibika. Walimpima, akashindwa kusoma herufi ukutani, akaachishwa kazi. Na ukiachishwa kazi ya reli, nyumba pia unaiacha. Kano hakuwa amejenga. Ndugu zake walikuwa wamegawana shamba, naye alikuwa amegombana nao, angekosaje? Akaenda ofisi ya manispaa kuomba ploti. Akaambiwa hakuna nafasi, angoje. Akarudi, akarudi tena, mpaka karani akimwona mlangoni anatikisa kichwa tu bila kuinua macho.

Miaka hiyo ziwa lilikuwa limekauka. Watoto wa leo ukiwaambia wanadhani unatunga. Wale ndege wekundu, heroe, walihama wote. Palibaki uwanja mweupe wa magadi, na upepo ukivuma vumbi linakuingia machoni mpaka unalia kama umefiwa. Pembeni mwa uwanja huo manispaa ilikuwa imepanga mawe yaliyopakwa chokaa. Chini ya mawe hayo, upande wa ziwa, hakuna ruhusa ya kujenga, hata kibanda cha kuku. Askari wake alikuwa Kosgei, mtu mpole wa upande wa Rongai, ambaye kazi yake ilikuwa kuyapaka mawe chokaa na kufukuza watu.

"Ziwa imekufa," Odero alituambia, "na huyu analinda maiti."

Kosgei aliweza kung'oa nguzo, lakini nyumba iliyokwisha kuezekwa, yenye moto jikoni, haikubomolewa bila amri ya korti. Odero alilijua hilo. Na kwao Wajaluo, nyumba ya kuanzia boma hailali bila paa. Huanza asubuhi na jioni moshi unatoka. Kwa hiyo Jumapili moja, Kosgei akiwa kanisani, wanaume wa reli walishuka chini ya mawe wakibeba nguzo na mabati. Udongo waliuchimba palepale. Mjini hatukuwa na samadi ya kukandikia, na lile tope la ziwa likikauka lilikuwa gumu tena jeupe, halihitaji hata chokaa. Jioni Adero alikuwa na sufuria motoni. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Jumatatu Kosgei akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Mzee, hapa hakuna ruhusa. Itabidi nipeleke ripoti."

"Peleka. Paa iko juu."

"Sio mimi nakataza, mzee. Ni maji."

"Maji iko wapi? Nionyeshe hata kikombe moja!"

Kosgei akatazama vumbi lile, akavaa kofia, akaondoka.

Kiangazi kilipozidi, ng'ombe wa wachungaji walianza kuja. Hawakufuata majani, yangetoka wapi? Walikuja kulamba nyumba. Unaketi ndani unasikia ndimi zikikwangua ukuta pande zote, na Adero akitoka na fimbo wanasogea kidogo tu, wanarudi. Mimi nilianza kuikimbia nyumba ile. Kosgei alipoona alitikisa kichwa. "Ng'ombe inajua chumvi, mzee. Hii ukuta ni ziwa. Umesimamisha ziwa, ukalala ndani yake." Odero alicheka, akachota tope lingine akaziba mashimo.

Mvua ilianza mbali, huko milima ya Mau. Kwetu hata tone halikuwa limeanguka, lakini kuta za Adero zilianza kutoa jasho. Halafu ndege wekundu wakarudi. Asubuhi moja tuliwakuta wamesimama pale Adero alipokuwa akianika nguo, kimya, miguu ndani ya maji. Nikaogopa. Mto wa Kano huja ukinguruma, hata kipofu anausikia. Maji haya yalipanda kutoka chini bila sauti, mpaka mafiga yakakataa kushika moto.

Kosgei alikuja amekunja suruali. "Mzee, hama. Nitakubebea vitu."

"Ngoja tu. Siku chache itaenda."

"Kwenu Kano maji inaenda wapi?"

"Inaenda ziwani."

"Na hapa ni wapi?"

Odero aligeuka, akaingia ndani. Bado hakuhama. Alitundika sufuria darini, akainua kitanda kwa mawe kama baba yake, akasema anabaki kulinda mabati yake. Adero alimshika mkono binti yao, Achola, akaja kwangu.

Nyumba ilianguka mchana, bila upepo. Adero na mimi tulikuwa tunavuka maji kumpelekea chakula. Ukuta wa upande wa ziwa ulipiga magoti, na paa likafuata. Tulichimba kwa mikono, lakini udongo uliyeyuka vidoleni kama uji. Kosgei aliacha ndoo yake ya chokaa akaja mbio. Tulipomfikia Odero alikuwa amekwisha kufa.

Mjaluo huzikwa ndani ya boma lake. Ndugu zake wa Kano walijibu kwamba hakuwa na boma kwao, na boma lake la hapa lilikuwa chini ya maji. Basi tukaenda manispaa. Karani yule yule aliinua macho, akatoa kibali cha kaburi asubuhi hiyo hiyo, bila kutuambia tungoje.

Ni mahali pazuri, pakavu, juu kabisa ya mawe meupe. Adero alisimama pale kabla jeneza halijateremshwa, akageuka kuitazama ile ardhi tupu iliyotuzunguka.

"Kumbe nafasi ilikuwepo," akasema.