Mkono wa Kushoto wa Do-hee

Kila mgeni anayekuja kufundisha Kiingereza katika shule yetu hapa Jecheon, Korea, hukabidhiwa kwangu. Mimi, Ok Mi-ran, mwalimu wa mwaka wa ishirini na tatu, ndiye ninayemwonyesha namna ya kuwasha boila ya kupashia nyumba joto, mfuko upi ni wa mabaki ya chakula, na kwa nini bibi wa ghorofa ya chini amemfokea. Nimewapokea saba. Wa sita alikuwa Refilwe, kutoka Bloemfontein, Afrika Kusini, na habari zake siwezi kuzisimulia bila damu kunichemka.

Watu wetu walimtazama mpaka nikaona haya mimi. Kwenye basi, kiti cha kando yake kilibaki kitupu na watu wamesimama. Kwenye bafu la umma kina mama walimkagua toka unyayo hadi utosi, kisha mmoja akamsugua mgongo bila kuombwa. "Una miaka mingapi? Mbona hujaolewa? Umenenepa tangu sikukuu ya Chuseok!" Refilwe alicheka tu. "Dada, shangazi zangu ni wabaya kuliko hawa," akaniambia.

Kitu kimoja tu kilimuudhi: kuambiwa mambo yakiwa yameshafika mlangoni. Asubuhi moja alinikuta uwanjani, yeye na sketi yake ya kazi.

"Dada, mbona shule nzima imevaa nguo za michezo?"

"Leo ni siku ya michezo."

"Mlijua tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na huu ni mwezi wa tano! Mimi hapa ni mwalimu au pambo la ukutani?"

Nilicheka. Sikuwa na haki ya kucheka, kwa maana kazi ya kumwambia ilikuwa yangu.

Darasa la tano alikuwamo Do-hee, mtoto wa mwanamke auzaye mishikaki ya samaki wa kusaga iliyochemshwa kwenye supu, pale mlangoni mwa soko. Do-hee alikuwa mzito wa kusema. Kila siku baada ya chakula, wenzake wakienda kupiga mswaki, Refilwe alikaa naye wakirudia sentensi moja moja. Mimi nilipita na kuwaona, nikaenda zangu.

Mwezi wa kumi na moja huja siku ya wazazi, wanaposimama nyuma ya darasa kutazama somo. Mkataba wa Refilwe ulikuwa unakwisha mwezi wa pili, na Mwalimu Mkuu Pyo alisema ataona siku hiyo kama anastahili kuongezewa mwaka. Refilwe alitaka kubaki. "Mwaka mmoja tu, dada," aliniambia. "Nimeshajua mpaka mifuko ya takataka, leo nianze upya wapi?"

Sasa sikilizeni upuuzi wetu. Somo la siku ya wazazi hufanyiwa mazoezi. Wiki mbili niliwafundisha watoto, Refilwe akiwa madarasa mengine: likiulizwa swali, wote inueni mikono. Anayejua ainue wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto. Mwalimu ataita mikono ya kulia peke yake, na wazazi watarudi nyumbani wakiamini darasa zima lina akili. Hivyo ndivyo nilivyofanyiwa nikiwa mtoto, na hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote. Do-hee nilimpa wa kushoto siku ya kwanza. Sikumuuliza tena.

"Yule mgeni usimwambie mapema," Pyo alinionya. "Ana maswali mengi. Mwambie asubuhi ile ile, akose muda wa kubisha."

Asubuhi ile sikumwambia. Ningependa kusema nilisahau kwa sababu nilikuwa napanga ndara za wazazi kuvalia ndani. Uongo. Niliogopa uso wake.

Darasani, Refilwe akauliza kwa Kiingereza: mama yako anafanya kazi gani? Mikono thelathini ikaruka juu. Akauona mkono wa Do-hee, na sentensi hiyo ndiyo waliyoirudia wiki nzima.

"Do-hee!" akaita, uso umemchanua.

Mtoto akasimama. Hakumtazama Refilwe. Alinitazama mimi, niliyesimama dirishani. Alikuwa anangoja ruhusa tu. Ningemwashiria kwa kichwa mara moja, yangekwisha. Nikainamisha macho kwenye karatasi zangu.

Do-hee akashusha mkono, akaketi. Mtu akakohoa. Mzazi mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kutosha, "Anaona aibu, mama yake muuza samaki." Mama Do-hee alikuwa hatua mbili nyuma yao, ndani ya koti la kuazima. Aliinama kuwaaga watu ambao hata hawakumtazama, akatoka.

Ofisini Pyo aligonga meza. "Wasiojua wanainua kushoto, shule nzima inajua! Kwa nini aliitwa yule? Mwalimu Ok, ulimweleza mgeni au hukumweleza?"

"Nilimweleza," nikasema.

Refilwe alikuwa anakielewa Kikorea vizuri kufikia hapo. Akanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akainama mbele ya Pyo, chini kabisa, kama nilivyomfundisha mwezi wake wa kwanza nilipomwambia kwamba hapa kwetu mkubwa wako humuumbui mbele ya bosi.

"Alinieleza," akasema. "Mimi ndiye niliyesahau. Nisameheni."

Mkataba haukuongezwa. Pyo aliagiza mwalimu mwingine kabla hata hajamaliza chai yake.

Nina hasira na Pyo. Nina hasira na hiyo mikono ya maonyesho. Na Refilwe naye nilimkasirikia msimu mzima wa baridi. Nani alimwomba anibebe? Siku ya kuondoka nilimwuliza hivyo hivyo, kituoni, kwa ukali.

"Wewe una miaka zaidi ya ishirini pale, dada. Mimi nina sanduku moja," akajibu. Hakuwa anatabasamu. "Lakini usidhani yamekwisha. Nenda kwa Mama Do-hee. Mwambie ule mkono ulikuwa na maana gani. Na uende kwa miguu yako, usimtumie mtu."

Mwezi mzima nilizunguka njia ya nyuma nisipite sokoni. Mtu mzima, mwalimu, namkimbia muuza mishikaki! Mwezi wa nne ndipo nilipokwenda. Nikasimama mbele ya sufuria lake na kumweleza yote: kulia, kushoto, wiki mbili za mazoezi, na kwamba mtoto wake alikuwa analijua jibu, ila mimi nilimfunga mdomo.

Alikoroga supu, akakoroga.

"Aliniambia," akasema mwishowe. "Usiku huo huo. 'Mama, nilikuwa najua, ila mwalimu hajanipa mkono wa kulia.' Nikampiga. Nikamwambia akome kumsingizia mwalimu."

Akateka supu kwenye kikombe, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyopewa mwalimu.