Una Kwato Wewe?

Siku ile ya ngoma pale Majimoto naikumbuka, mwanangu, hadi vumbi lake nalisikia puani! Weka funguo za pikipiki mezani, ukae. Hiyo chupa yenye picha ya ng'ombe nimeikuta kwenye begi lako, nikakuuliza, ukanijibu bila hata kupepesa macho: "Bibi, tumbo linanisumbua. Washkaji wa kijiweni wanasema hii ndiyo kiboko ya minyoo." Weee! Unaniambia mimi hayo? Mimi niliyemwona babu yako Masunga akichungulia kaburi kwa chupa kama hiyo hiyo?

Masunga kaka yangu unamjua wa sasa, mzee wa fimbo na kikohozi. Hukumwona ujanani! Alikuwa anacheza ngoma ya majembe. Anarusha jembe juu, linazunguka, analidaka huku anaangalia pembeni, na sisi wasichana vigelegele mpaka sauti zinakauka. Tulikuwa tumehamia Majimoto, huku Mpimbwe, na ng'ombe wetu, mpunga umevunwa, na siku hiyo kikundi chetu kilishindana na cha ng'ambo ya mto. Unajua sisi Wasukuma, vikundi vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Basi watu wanakimbia huku, wanakimbia kule, ni raha tupu!

Kumbe mwenzetu tumbo lilikuwa linamkata siku kadhaa. Hakusema. Mcheza ngoma aseme anaumwa tumbo, wapinzani wakisikia si watamtungia wimbo? Asubuhi hiyo akapita zizini, akachukua dawa ya minyoo ya ndama. Baadaye alitueleza hesabu yake: "Ndama anakunywa hii, kesho anarukaruka. Mimi si mkubwa kuliko ndama?" Akanywa, akajifuta mdomo, akachukua jembe lake, huyo uwanjani.

Ngoma ilipokolea, jembe likamponyoka. Akayumba. Akaanza kutetemeka mwili mzima, jasho linamchuruzika. Mwanangu, watu wakadhani ni mtindo mpya! Wakashangilia, wakauacha upande wa pili mtupu, wote wakatumiminikia sisi. Yaani tulikuwa tunashinda huku kaka yangu anakufa. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Nikaona mate yanamtoka mfululizo, nikapiga yowe, "Simamisheni ngoma! Masunga anaumwa!"

Akaanguka, akatapika. Mama akashika kichwa: "Wamemloga! Wale wa ng'ambo wamemloga mwanangu!" Vijana wetu wakaokota fimbo. Wengine wanasema apelekwe kwa mganga, wengine wanasema anyweshwe maziwa. Lo, kelele! Ndipo mjomba wetu Luhende, mzee mkali kuliko pilipili, akawasukuma watu, akapiga magoti, akamshika Masunga mashavu.

"Umekunywa nini?"

Masunga akafumba macho.

"Masunga, aibu na roho, unachagua kipi?"

Meno yakigongana, akasema, "Dawa... ya ndama."

Mjomba akanigeukia, "Kabula, chupa! Kimbia!" Nilikimbia, mwanangu, sijawahi kukimbia vile tena. Nikaifuata zizini, nikarudi nayo nimeikumbatia. Tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka zahanati, mama analia, mimi nimeshika chupa na mkono wa kaka. Muuguzi alikuwa ameanza kutaja malaria. Nikamwonyesha chupa. Akaisoma, akabadilika uso, akaita mwenzake, wakaanza kumhangaikia hapo hapo. Jua linazama, Masunga akafumbua macho akauliza, "Tumeshinda?" Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Nilitaka kumzaba kofi.

Alipopata nafuu, baba akachinja dume kwa furaha. Mjomba Luhende akamwita Masunga machinjioni mbele yetu wote. Akatandaza tumbo la ng'ombe kwenye majani. "Hili taulo, tumbo kubwa lenye manyoya manyoya, unaliona? Hili la matundu matundu kama sega la nyuki. Hiki kitabu, la tatu, lenye kurasa kurasa. Na hili hapa la nne. Ng'ombe akimeza kitu kibaya, matumbo manne yanakaa kikao. Lako liko peke yake, halina hata wa kumuuliza! Una kwato wewe? Unacheua?" Watu walivunjika mbavu. Masunga hakucheka. Alitazama yale matumbo, akasema, "Nimekosa, mjomba," machozi yakamtoka. Na mjomba naye, ule ukali wote ukaisha, akamkumbatia kwa mikono yake yenye damu.

Mwezi uliofuata alicheza tena, tukawashinda wa ng'ambo kweli kweli, bila mtu kutapika! Ndiyo akaonwa na bibi yako, akazaliwa baba yako, ukaja wewe na hiyo chupa yako.

Sasa nisikilize. Dawa ya mnyama imepimwa kwa mnyama, hata kama jina lake linafanana na ya binadamu. Tumbo likikusumbua nenda kapimwe, maana si kila tumbo linalouma lina minyoo, na washkaji wa kijiweni hawana macho ya kuona ndani yako. Ukiwa umeshakosea, sema mapema na uende na chupa mkononi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Masunga aliponea chupuchupu kwa maneno matatu tu aliyokubali kuyatamka. Usione haya kuyasema kwangu.

Mungu akupe tumbo lenye amani, ule wali wa Majimoto ushibe, ulale, uamke unacheka, uzae watoto wakusumbue kama unavyonisumbua. Haya, amka! Washa hiyo pikipiki unipakie, tunaenda hospitali ukapimwe. Chupa niachie mimi. Jumamosi naenda kumsalimia babu yako, nitampa akawape ndama wake, na nitamwambia imetoka kwa nani.