Chumba cha Nyuma Kule Buteba

Tulipoamua kuacha kupanga, mimi na mume wangu tulikuwa tukiishi na watoto wetu wawili katika chumba kimoja, upande wa Uganda wa mji wa Busia, jirani na foleni ya malori. Yeye alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Mimi nilikuwa, na bado ni, mshonaji wa mapazia na mashuka. Hatukuota ghorofa. Tulitaka mlango ambao mtu hawezi kuja kuugonga na kutuambia tuhame mwisho wa mwezi.

Tuliangalia kila kilichosemekana ni rahisi. Kulikuwa na fundi aliyekata kontena kuukuu, akatoboa madirisha, akawa anaziuza kama nyumba. Niliingia ndani ya moja saa saba mchana, na kabla hajamaliza maelezo nilikuwa nimeshatoka, blauzi imeninata mgongoni. Akaniambia joto lile huzoeleka. Nikamuuliza yeye mwenyewe analala wapi.

"Kwa mama," akasema. "Kwake ni matofali."

Lumino tulionyeshwa kiwanja cha kununua kwa pamoja, familia nne, kila moja ijenge kibanda chake cha mabati. Hati ya mauzo ingekuwa moja. Nikauliza itakaa kwa nani. Wanaume watatu wakajibu kwa pamoja, "Kwangu." Nikachukua mkoba wangu.

Kisha mume wangu akaleta habari za Buteba: nyumba ya vyumba vitatu, haijamalizika, imeshaezekwa, na bei yake iko chini ya kile kiwanja cha Lumino.

"Mbona rahisi hivyo?" nikamuuliza.

"Mwenyewe ni mzee. Anataka kwenda kukaa kwa binti yake."

"Na wewe, mbona una haraka kuliko yeye?"

Kwa miezi kadhaa alikuwa amebadilika. Simu yake ikilia alitoka nje kuipokea. Mara mbili aliniaga kwamba anapeleka lori gereji Tororo, nami nikipita sokoni nikaliona lori limeegeshwa palepale, limefungwa. Nilinyamaza, lakini moyoni nilikuwa nimeshamwoza mke wa pili. Nilijiuliza kama nyumba ya Buteba ilikuwa zawadi yangu, au mahali pa kuniweka mbali ili mjini abaki na nafasi.

Tulikwenda kuiona kwa bodaboda. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, hazijapigwa plasta. Madirisha yalizibwa kwa mbao. Mzee alitupokea kwa upole, akatutangulia sebuleni na chumba cha kwanza, vyote sakafu ya udongo. Chumba cha nyuma ndicho kilichonisimamisha. Kilikuwa na sakafu ya saruji, laini, imefanyiwa kazi vizuri.

"Hiki mbona peke yake kina saruji?"

"Nilianzia huku, mama. Saruji ikaisha."

Sijaona mtu huku kwetu anayeanzia nyuma. Mtu huanza na sebule, mgeni aone. Nikawaza kaburi. Ardhi yenye kaburi la watu, hata ukipewa bure, hukai kwa amani. Nikatoka nikamfuata jirani, mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo uani kwake.

"Dada, hapa pazuri?"

"Pazuri."

"Hakuna kaburi?"

"Kaburi hakuna," akasema. Alilitamka neno lile kama mtu aliyefurahi kwamba sikuuliza neno jingine. Jua lilikuwa bado kali, lakini aliinua ungo wake na mihogo ikiwa mibichi, akaingia ndani.

Mwenyekiti wa kijiji naye hakunisaidia. Alisema tukishakubaliana na mzee tumletee karatasi ataweka muhuri. Hakuuliza sisi ni nani wala tumetoka wapi.

Niliporudi, mume wangu na mzee walikuwa tayari wanazungumzia siku ya kuandikiana. Alasiri ilikuwa imeingia. Nikaomba maji ya kutawadha, nikapewa birika, na kwa kuwa vyumba vingine vilikuwa na vumbi, nikatandika kanga yangu kwenye ile sakafu ya saruji, karibu na ukuta.

Niliposujudu, upepo wa baridi ulinigusa shavuni.

Madirisha yalikuwa yamezibwa. Nje jua lilikuwa linaunguza. Sijida ya pili, upepo ule tena, una harufu ya matope, unatoka kwenye ufa kati ya sakafu na ukuta. Mungu anisamehe, sikumbuki nilisoma nini katika rakaa ya mwisho. Nilipotoa salamu nilichukua birika, nikamimina maji yaliyobaki kwenye ufa ule. Hayakutapakaa. Yaliingia yote. Nikainamisha sikio, na baada ya muda nikasikia, mbali chini, maji yakiangukia maji.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu tufike hajakanyaga chumba kile.

"Mzee, chini kuna nini?"

Alikaa kwenye kizingiti kwanza. Akasema habari za dhahabu zilipovuma, watu walichimba mashambani, kisha nyuani, kisha wakaanza kuchimba ndani ya nyumba ili majirani wasiwaone. Wanawe wawili walichimba pale, wakashuka mpaka maji yakawazuia.

"Mlipata dhahabu?"

"Tulipata shimo," akasema.

Walilaza magogo juu yake, wakatandaza mawe, wakamwaga saruji. Nikamuuliza magogo yana muda gani. Akasema yalikuwa magogo mazuri.

"Watoto wangu wangelala humu! Ulikuwa utuambie lini?"

"Ningewaambia, mama, mngekuja?"

Nilitoka bila kumuaga. Sijawahi kufanya hivyo kwa mtu wa umri wake.

Barabarani, tukisubiri bodaboda, nilingoja mume wangu aniambie ahsante. Yote alikuwa ameyasikia kutoka sebuleni.

"Ufa sikuuona," akasema.

"Ulikuwa mpana kama kidole!"

"Nakwambia sikuuona."

Ndipo akanieleza. Tororo hakuwa anapeleka lori, alikuwa anakwenda hospitali ya macho. Simu zile zilikuwa za daktari. Ugonjwa wenyewe, alisema, unakula pembeni ya jicho kidogo kidogo, na dawa inauzuia tu, hairudishi kilicholiwa. Alijua hataendesha lori muda mrefu. Alitaka tuwe na nyumba kabla sijajua.

Nikamwambia nami nilichokuwa nikimdhania. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Miezi yote hiyo ulikuwa unanipikia huku unawaza hivyo?"

"Nilikuwa nakupikia," nikasema.

Aliacha lori kabla mwaka haujaisha. Tulipata kiwanja kidogo Kwapa, cha bei yetu kwa sababu kiko mbali na barabara. Niliwaomba wenye mashamba yanayotuzunguka watembee nami mpakani, wote kwa pamoja, kila mmoja aseme kwa mdomo wake mpaka uko wapi. Nilichimbisha mashimo matatu kujua chini kuna nini, mpaka wakaanza kunicheka. Matofali hatukununua. Tulikodi mashine ya mkono inayoshindilia udongo wa kiwanja chenyewe na saruji kidogo, bila kuchoma. Fundi sikumwamini. Tofali la kwanza lililokauka nilililaza ndani ya ndoo ya maji tangu alfajiri hadi magharibi. Lilitoka tofali. Kazi ya kuvuta mkono wa mashine aliifanya mume wangu, kwa sababu haikuhitaji macho makali.

Tulikuwa tumefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, nilipopata mteja, mama kutoka ng'ambo ya mpaka, akitaka mapazia ya nyumba anayotaka kununua. Nikamuuliza iko wapi.

"Buteba. Ya mzee mmoja. Bei yake, dada, huwezi kuamini!"

Nikaweka mkasi chini, nikamweleza. Alinitazama kwa jicho ninalolijua vizuri.

"Kwani wewe pia unaitaka?"

Nilifunga duka, nikaenda naye. Mzee aliponiona njiani alisimama. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Lakini alimgeukia yule mama kabla sijafungua mdomo.

"Karibu," akamwambia. "Tazama nyumba yote, lakini chumba cha nyuma usikikanyage. Chini ni shimo."

Yule mama hakuinunua. Nilimsalimia mzee nilipoondoka, naye akaniitikia.

Sisi tulihamia Kwapa na vyumba viwili, cha tatu kikiwa msingi tu. Siku ya kwanza mume wangu alizunguka ndani polepole, kiganja kikipita ukutani, akihesabu hatua kutoka kitandani mpaka mlangoni. Alirudia mara kadhaa. Kisha akaniambia niende zangu dukani, yeye ataweza.