Saa Kumi na Tatu za Ndege

Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa alikuwa Guangzhou, alikokwenda kununua sahani na vitenge vya kuuza hapa Likasi. Kwenye simu hakulia. Alisema, "Munichunge. Nataka tu kuona sura yake." Kwetu kuchunga ni kungojea.

Kilioni, baba mdogo, ambaye ndiye aliyepanga mazishi, alimuuliza mke wa kaka, "Toka kule mpaka Lubumbashi iko saa ngapi?"

Shemeji akatazama simu yake. "Iko treize heures."

Simu ilikuwa imempimia mstari ulionyooka, kilomita elfu kumi hivi, kana kwamba kuna ndege inayotoka kule moja kwa moja mpaka Lubumbashi, uwanja wa ndege ulio karibu nasi. Hakuna. Lakini kosa kubwa halikuwa hilo. Kwa Kifaransa chetu, treize heures ni urefu wa safari, saa kumi na tatu, na pia ni saa ya mchana, saa saba, mara tu baada ya adhuhuri. Shemeji akarudi nyuma ya nyumba kusonga bukari, ugali wetu. Baba mdogo akasimama mbele ya watu wa kanisa, akatangaza kwamba mtoto atafika kesho treize heures na mazishi yatafuata. Wakaitikia amina. Watu wetu huitikia amina hata ratiba. Mimi nilisikia, nikaona sawa. Siku zile kila kitu nilikiona sawa.

Kesho yake jeneza likatolewa mochari, likawekwa uani. Adhuhuri ikapita. Kaka alikuwa Addis Ababa, amekaa uwanjani akisubiri ndege ya pili. Shemeji alipoelewa kilichotokea alipiga kelele, "Baba mudogo, miye nilisema treize heures ya ndeke!"

Kaburi lilikwisha kuchimbwa, na mvua ilikuwa imeshika upande wa Shinkolobwe. Baba mdogo akasema hawezi kumrudisha ndugu yake mochari kama mzigo uliokosa gari. Wakafunua jeneza, tukapita mmoja mmoja kuaga. Tukazika.

Kaka alifika siku iliyofuata, wenye viti vya kukodi wakipakia viti vyao. Hakugombana na mtu. Nilitamani agombane, labda ningeamka. Nilimhurumia, lakini huruma yenyewe niliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Alinivuta pembeni.

"Weye ulimuona. Unielezee. Sura yake ilikuwa namna gani?"

Nilikuwa nimepita karibu kabisa, mkono wangu juu ya ubao wa jeneza. Lakini wakati ule wote nilikuwa naangalia lango, kana kwamba teksi ya kaka ingeweza bado kuingia. Sikujua hata kama macho ya baba yalikuwa yamefumbwa vizuri.

"Alikuwa kama analala," nikamwambia, maana ndivyo watu husema.